Nati ya Chini ya Kitanda

12 Aprili, Jumamosi

Dama amefika adhuhuri na mumewe, ndani ya gari ambalo pia ni nyumba. Lina kitanda, jiko la gesi, sinki na friji ndogo, na juu ya paa kuna vioo vya sola. Odera alilinunua kwa Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Hakuliingiza uani kwetu. Ameliegesha ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja kitupu kinachotazamana na lango, kwa sababu kwao Waluo mkwe halali nyumbani kwa wazazi wa mkewe. Mume wangu Kitsao akamuuliza kama na uani ni nyumbani pia.

"Sina hakika, Baba," Odera akasema. "Ndiyo maana nimekaa mbali."

Jibu la adabu. Watakuwa hapa Mbaraki mpaka Pasaka ipite. Kisha watakwenda Siaya kwa mama yake Odera, na kutoka huko Marsabit, ambako amepata kazi ya kutafuta mahali pa kuchimba visima. Kazi inaanza mwishoni mwa Juni.

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha wakati wa magharibi.

13 Aprili, Jumapili

Jumapili ya Matawi. Tumekwenda kanisani wote wanne. Mvua.

15 Aprili, Jumanne

Odera hujidunga insulini tangu akiwa shule. Leo asubuhi amekuta friji ya gari imejizima na chupa zake zimepata joto. Akazileta kwangu amezishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia apite. Nimeziweka rafu ya juu, mbali na samaki. Hazijaharibika. Nilikuwa muuguzi, najua zinavumilia kiasi gani. Kwa joto la hapa, chupa moja inayotumika haina neno. Kwa joto la Marsabit, na akiba ya miezi, hapana. Bila friji ya gari hawawezi kwenda. Hilo liko wazi kwa kila mtu.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Baada ya ibada Kitsao ametoa mita yake ya kupimia umeme, ile aliyokuja nayo alipostaafu bandarini. Alikuwa fundi wa winchi. Siku hizi anaweza kumaliza siku nzima bila kusema lolote ila kuomba chumvi. Leo amemweleza Odera kwa kirefu: betri iliyopumzika iwe na volti kumi na mbili na nusu au zaidi, ikishuka ikakaribia kumi na moja, friji inajizima yenyewe ili isiimalize betri. Wamepima. Asubuhi betri ilikuwa na kumi na mbili nukta sita. Friji ilipowashwa, taa yake ikawa hafifu, na baada ya muda ikazima.

Odera aliandika kila kitu kwenye simu yake. Kitsao alichelewa chakula.

22 Aprili, Jumanne

Pasaka imepita. Hawajaondoka.

26 Aprili, Jumamosi

Wamevisugua vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi. Wamezichomoa fyuzi moja moja kuona kama kuna kitu kinachonyonya umeme kimyakimya. Hakuna. Friji ikawaka tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana, tukafurahi, ikazima.

Dama anafanya kazi ya kutafsiri kwa kompyuta. Kila asubuhi anavuka barabara na miavuli miwili, mmoja wake na mmoja wa kompyuta, anaketi mezani kwangu. Chai tunakunywa pamoja.

2 Mei, Ijumaa

Nilikuwa nikimwona Odera kama mtu wa haraka. Sivyo. Anarudia kipimo kilekile mara nyingi bila kunung'unika, na kila akikosea anasema "pole" kwa gari.

Kitsao amemsimulia habari ya winchi iliyokwama na kontena hewani. Sijawahi kuisikia habari hiyo, na nimeolewa naye miaka thelathini na minne.

6 Mei, Jumanne

Mvua kutwa.

8 Mei, Alhamisi

Kitsao amesema betri imechoka. Wamenunua mpya.

10 Mei, Jumamosi

Betri mpya, ugonjwa uleule. Friji imezima wakati Odera anaitazama. Alikaa kwenye ngazi ya gari kwa muda, mvua ikimpiga magotini. Kisha akaja kujidunga sindano yake, akala, akashukuru.

14 Mei, Jumatano

Dama na Odera walikuwa Buxton, kwenye duka la kuchapa picha. Dama akanipigia simu: "Mama, tafadhali, tumeacha dirisha wazi na mvua inaingia kitandani. Ufunguo anao Baba."

Kitsao alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nikaenda mwenyewe. Sikupenda. Kile ni kitanda cha mkwe wangu, na mimi kukishika si jambo la kusimuliwa. Nikafunga dirisha na kusimamisha godoro. Maji yalikuwa yamepenya kwenye ubao wa chini, nikauinua ili nipanguse.

Chini yake kuna waya mweusi mnene kama kidole, umefungwa kwa nati kwenye chuma cha gari. Pale pamefanya kutu nyeupe na ya kijani. Niligusa nati kwa kitambaa tu, ikacheza. Hapo friji ikanguruma nyuma yangu, taa yake ikawaka vizuri. Nikaiachia, taa ikafifia. Nikaigusa tena, ikawaka.

Nikarudisha ubao kama ulivyokuwa. Dama nimemwambia asimweleze Odera kwamba niligusa kitanda chao. Habari ya nati isingemfikia Odera bila yeye kujua nilikuwa wapi.

15 Mei, Alhamisi

Nimemwambia Kitsao habari ya nati. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Niachie mimi," akasema.

17 Mei, Jumamosi

Friji imezima tena. Nilidhani Kitsao hajapata nafasi.

20 Mei, Jumanne

Mvua. Kitsao na Odera wameshusha vioo vya sola, wakavisafisha, wakavipandisha. Kitsao ndiye aliyesema mawingu yanadanganya na tatizo linaweza kuwa huko juu. Anapanda ngazi kama kijana. Dama aliwashikia mwavuli, wote watatu wakawa wanacheka jambo ambalo sikulisikia kutoka barazani.

24 Mei, Jumamosi

Walikwenda Kuze kununua nyaya, wote watatu. Nimechukua ufunguo na kuvuka barabara. Nikainua godoro. Nikainua ubao.

Nati ilikuwa vilevile. Haijaguswa.

25 Mei, Jumapili

Sikumwambia kitu.

Nataka niandike sawasawa. Kwanza nilidhani amesahau. Lakini Kitsao hasahau chombo wala nati. Tangu nimwambie, amemwelekeza Odera kwenye paa, kwenye fyuzi, kwenye friji yenyewe, kwenye swichi ya injini. Kila mahali ila pale. Dama alipoondoka nyumbani kwenda chuo, huyu mzee alimpa nauli, akamwambia "soma vizuri," akarudi kukagua pampu ya maji. Hakulia. Mimi nililia peke yangu na nikamhesabia hilo kwa miaka mingi. Nilidhani watoto kwake ni kama meli, zinaingia na kutoka.

Na mimi? Jana ningeweza kuikaza kwa mkono wangu. Kesho asubuhi Dama atavuka barabara na miavuli yake.

28 Mei, Jumatano

Mvua. Dama amekuja. Tumekaanga viazi.

30 Mei, Ijumaa

Odera ameamua kuitoa betri na kuipeleka kwa Shukri, fundi wa umeme wa magari karibu na Buxton. Kitsao amesema goti linamuuma, hakwenda. Nimekwenda mimi na Dama. Shukri ameifungia chombo chake, akaipa mzigo, akatazama mshale, akatikisa kichwa.

"Betri hini ni nzima, mama," aliniambia mimi, labda kwa kuwa ndimi mkubwa. Kisha akamgeukia Odera. "Yenye maradhi ni ndia yake. Umeme wenda, lakini waporudi kuna pahala wakwama. Pima kwenye betri, kisha pima kwenye friji yenyewe. Ukiona tafauti, ifuate ndia mpaka uione."

Ndia kwake ni njia. Odera alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Njiani alisema, "Baba alikuwa ananishikia mita kwenye betri tu." Alisema kwa mshangao, bila ubaya. Dama alinitazama. Nilitazama nje.

31 Mei, Jumamosi

Kwenye betri kumi na mbili nukta nne. Kwenye friji kumi nukta tisa. Odera amefurahi sana. Kitsao amesema, "Inawezekana."

3 Juni, Jumanne

Mama yake Odera amepiga simu kutoka Siaya, akaomba anisalimie. Kiswahili chake ni cha polepole.

"Mama Dama, asante kwa kunitunzia watoto. Mimi nangojea tu. Nilisafisha mahali pa kuweka gari tangu Pasaka. Majani yameota tena, nimesafisha tena."

Nimemwambia karibuni watakuja. Nilipokata simu nikaenda bafuni Kitsao akinyoa ndevu.

"Baba Dama, ile nati."

Akaendelea kunyoa.

"Kuna mama mwingine anayewangoja. Ukimaliza hapo, vuka ukaikaze. Au nimwambie Odera mimi."

"Nitaikaza kesho," akasema. Alikuwa akinitazama kwenye kioo. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Wiki moja zaidi ingekuwa nini?"

Hakuna siku ambayo ameniuliza swali kama hilo. Nikashindwa kuwa mkali. Nimejilaumu baadaye, lakini ndivyo ilivyokuwa.

4 Juni, Jumatano

Mvua kubwa. Kitsao hakuvuka.

5 Juni, Alhamisi

Hakuvuka. Wala mimi sikumwambia Odera.

7 Juni, Jumamosi

Naandika kwa mpango, kama tulivyokuwa tukiandika tukio la wodini.

Alasiri jua lilitoka, jua kali la baada ya mvua. Odera alitaka kuzidisha mzigo ili aone volti zinaangukia wapi. Aliwasha injini, akasimama nje kwenye mlango wa pembeni na mita mkononi. Dama alikuwa ndani, ameketi kitandani. Mimi na Kitsao tulikuwa barazani. Yeye alikuwa akikaza kamba za kiti.

Odera akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Dama, washa kila kitu. Friji, feni, taa zote. Halafu chomeka pasi kwenye inveta."

Inveta ndiyo inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na pasi huvuta umeme mwingi kuliko vyote. Kitsao aliinuka kabla ya kitu chochote kutokea. Hilo ndilo ninalotaka likumbukwe. Hapakuwa na moshi bado.

"Zima!" akapaza sauti. "Dama, usichomeke! Toka humo!"

Akavuka barabara bila kutazama. Tuktuk ilifunga breki, dereva akamtukana. Goti lake halikuonekana kuwa na ugonjwa wowote. Dama alikuwa ameshachomeka. Nilipofika langoni ndipo niliposikia harufu ya plastiki inayoungua, na moshi ukawa unatoka chini ya kitanda, mweupe kwanza, kisha mweusi. Dama alitoka akikohoa, Odera amemshika mkono. Kitsao akampita akaingia. Alilitupa godoro nje, akaung'oa ule ubao, ambao ukingo wake ulikuwa tayari unawaka, na akaushika waya kwa kiganja kitupu na kuuchomoa kwenye chuma. Odera akaja na kizima moto, akapuliza mpaka kila kitu kikawa cheupe. Akazima injini.

Nilimrudisha Kitsao uani na kuuweka mkono wake chini ya bomba. Kiganja kimeungua, na vidole viwili. Si vibaya sana. Ngozi haijatoka yote. Odera akaingia langoni, Dama nyuma yake.

"Baba," akasema, "nimeitafuta njia ya ule umeme wiki nzima. Sijawahi kuuinua ubao ule. Wewe ulijuaje ni hapo?"

Kitsao alitazama maji.

"Ni mimi niliyeiona nati," nikasema. "Siku ile ya dirisha. Nikamwambia yeye."

"Siku ya dirisha," Odera akarudia. Alihesabu kichwani, nilimwona. "Hiyo ilikuwa Mei."

"Ndiyo."

Dama akasogea. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Baba? Ulijua?"

"Nilikuwa nitaikaza," Kitsao akasema.

"Lini?"

Alifikiri kweli. Nilidhani atasema kesho.

"Sijui," akasema.

"Nilikuwa ndani, Baba. Nilikuwa nimekaa juu yake."

Odera akamshika bega, wakatoka. Kitsao alibaki na mkono wake chini ya maji mpaka nikafunga bomba mimi.

8 Juni, Jumapili

Hatukwenda kanisani. Nimebadilisha bandeji.

9 Juni, Jumatatu

Gari halipo kiwanjani. Wamekwenda kuegesha kwa Shukri.

12 Juni, Alhamisi

Dama amekuja kuchukua insulini. Aliketi, lakini kwenye ukingo wa kiti. Nikampa mfuko wa barafu wa kubebea chupa.

"Baba namwelewa," akasema. "Hajui kusema. Lakini wewe, Mama, unajua kusema. Kila asubuhi nilikaa hapa nikikwambia Odera amechoka, Odera halali, na wewe unanimiminia chai."

"Nilipenda ulivyokuwa ukija."

"Ungeniambia hivyo tu."

"Ningekwambia, ungebaki?"

"Hapana." Alifuta macho kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Lakini ningeinywa ile chai nikijua."

Aliuliza mkono wa baba yake unaendeleaje. Kitsao alikuwa chumbani, mlango wazi, akisikia yote. Dama alipofika langoni, Kitsao akatoka, akamfuata mpaka barabarani. Niliwaona kwa dirisha. Alizungumza yeye, si Dama. Alizungumza kwa muda. Sijui alisema nini na sikuuliza. Dama aliushika ule mkono wenye bandeji, akaugeuza akautazama, akaenda zake.

14 Juni, Jumamosi

Mvua kidogo asubuhi, kisha basi.

17 Juni, Jumanne

Odera amerudi kiwanjani. Alivuka, akatusalimu sote wawili kwa heshima kama siku ya kwanza, jambo ambalo lilikuwa zito kulipokea. Amekata waya ulioungua akaweka mpya, mnene zaidi. Amekwangua chuma mpaka kikang'aa, akafunga nati mpya, na amebadilisha ubao. Alifanya peke yake. Kitsao alisimama langoni na hakuvuka.

Kwenye betri kumi na mbili nukta saba. Kwenye friji, ikiwa inafanya kazi, kumi na mbili nukta tano. Odera alinisomea mimi.

19 Juni, Alhamisi

Friji imekwenda usiku na mchana. Insulini imerudi garini.

21 Juni, Jumamosi

Wameondoka leo.

Kila kitu kilikuwa kimepakiwa na injini inawaka. Nilimpa Dama chupa ya achari na kitenge cha kumpelekea mama yake Odera. Kitsao alisimama kwenye lango letu, palepale alipozoea kusimama siku hizi, mkono wenye bandeji nyuma ya mgongo. Odera akashuka kwenye usukani. Nilidhani amesahau kitu. Akavuka barabara mpaka kwake.

"Baba, naomba uje unikagulie ile nati."

"Umeifunga wewe. Imekaa vizuri."

"Sijaomba unisifu. Naomba uikague. Ukisema imekaza, naondoka. Ukisema haijakaza, nazima injini."

Kitsao akautoa mkono nyuma ya mgongo. Odera hakutabasamu wala hakukunja uso. Alikuwa anangoja tu.

Wakavuka wote wawili. Nilisogea mpaka mlango wa gari, nikamwona mume wangu akipiga magoti, akiinua ubao mpya kwa mkono wake mzima. Akaweka vidole kwenye nati. Akaijaribu kulia, akaijaribu kushoto. Akaomba spana, akaijaribu kwa spana. Haikusogea. Akakaa hivyo, ameinama, kichwa kikiwa karibu kuugusa ukingo wa kitanda cha binti yake. Dama alikuwa ameketi kiti cha mbele, amegeuka, anamtazama.

"Imekaza," akasema.

Akarudisha ubao, akaukandamiza pembe zote nne.

"Imekaza. Nendeni."

Walipiga honi kwenye kona. Jua lilikuwa kali na barabara imekauka.

22 Juni, Jumapili

Kanisani. Tulirudi kwa miguu.

26 Juni, Alhamisi

Wamefika Siaya. Mama yake Odera alipiga simu, akacheka muda wote.

5 Julai, Jumamosi

Masika yamekwisha. Kiwanjani pamebaki alama nne za magurudumu. Wapo Marsabit, kazi imeanza, joto ni kali, friji inafanya kazi.

Baada ya chakula cha mchana Kitsao alichukua simu yangu mezani. Akaniuliza namna ya kulitafuta jina la Dama, nikamwonyesha. Akatoka nayo barazani. Nikaacha vyombo, nikasimama nyuma ya pazia.

Alisalimia. Akauliza joto. Akauliza hali ya Odera. Kisha akasogea mpaka ukingoni mwa baraza.

"Dama," akasema. "Krismasi, nataka mje. Mimi ndiye nataka. Mkishindwa, niambie mmeshindwa."

Sikulisikia jibu. Nilimwona anasikiliza, simu ameibana sikioni kwa ule mkono wenye kovu, na polepole akatafuta kiti kwa nyuma, akaketi.